Viti Saba, Watu Wanne

"Mimi, wewe, binti, na mdogo wake," alisema Fundi Viti, akikunja kidole kimoja baada ya kingine mbele ya pua ya mumewe. "Wanne. Hata tukilipa tumbo lako kiti chake, watano. Hao wawili waliobaki ni kina nani, Baba Watoto?"

Mumewe alicheka, ila kwa kuchelewa. Ukiishi na mtu miaka kumi na sita unajua kicheko chake hutoka baada ya muda gani, na hiki kilikuja kama mgeni aliyepotea njia kwanza.

Walikuwa katikati ya yadi ya magari, Jumatano asubuhi, na mbele yao magari mawili ya familia yameegeshwa bega kwa bega. Kiwanda kimoja, nembo moja puani, taa zilezile za kukodoa macho, rangi ileile ya majivu. Muuzaji, bwana mmoja ambaye kwa utamu wa ulimi wake watu walimwita Asali, alipita katikati yao akiyapapasa kama mchungaji.

"Hawa ni ndugu wa tumbo moja, mama," alisema. "Huyu Mdogo ana viti vitano na buti kama chumba cha kulala. Huyu Mkubwa ana viti saba, na kibao cha kukanyagia pale mlangoni. Injini ileile, unywaji uleule, raha ileile. Ukikosea hapa umepatia."

Fundi Viti hakuwa na shida na ndugu hao wawili. Shida yake ilikuwa kwamba wiki mbili zilizopita yeye na mumewe walikuwa wamekwisha kubaliana kumchukua Mdogo. Alilipima buti lile mwenyewe, kwa tepu yake mwenyewe: marobota manne ya ngozi na sponji mbili nzima zililala humo bila kukunjwa. Mkubwa, viti vyake vya nyuma vikisimama, alibakiza nafasi ya mwavuli na majuto. Na leo, bila onyo, mume aliyekuwa hajui tofauti ya gia na breki ya mkono alikuwa amesimama pale akisifia kibao cha kukanyagia.

"Ni kwa ajili ya wageni," alisema mumewe.

"Wageni gani? Mgeni wa mwisho nyumbani kwetu alikuwa msoma mita, na alikaa kwenye stuli."

"Basi tufikirie. Jumamosi saa nne tunarudi hapa, tunaamua."

"Tufikirie," alisema mkewe, na akaanza papo hapo.

Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari: kuvua ngozi iliyochakaa, kubadilisha sponji, kuvisha upya. Kazi hiyo ilimfanya aamini kwamba binadamu anaweza kudanganya kwa mdomo, kwa macho, hata kwa machozi, ila kwa makalio hawezi. Akikitazama kiti cha dereva alijua kama mwenye gari hubeba pochi nene au hujifanya tu. Na kabla ya kuvua kiti chochote, alitia mkono kwenye ule ufa kati ya makalio ya kiti na mgongo wake, akachokoa mpaka mwisho. Humo alishatoa vitana, funguo, kucha za bandia, jino la dhahabu, na mara moja barua ya mapenzi ya mwanasheria, yenye vifungu na vijifungu.

Desturi ya kutia mkono aliianza akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa akisafisha gari la baba yake huku akiimba, mkono ukazama kwenye ufa wa kiti cha nyuma, ukatoka na kiatu cha mtoto cha mguu wa kushoto, kidogo kuliko kiganja chake. Alikimbia nacho jikoni kwa furaha. "Mama, kuna mtoto kapoteza kiatu!" Kumbe aliyepoteza ni yeye. Kabla wiki haijaisha nyumba nzima ilijua kwamba baba ana nyumba nyingine, mama mwingine, na binti anayejifunza kutembea. Alipoambiwa achague, baba alichagua upande wa kiatu. Mama mtu aliishi miaka mingine ishirini bila kulitaja jina lake, na binti hakuona sababu ya kulitaja kwa niaba yake.

Kwa hiyo usimshangae mwanamke huyu akihesabu viti.

Jioni hiyohiyo binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na minne na mdomo wa miaka arobaini, alisema huku akisuuza sahani, "Mama, baba siku hizi akipigiwa simu anatoka nje kwenda kuongea na mapipa ya taka. Wana siri gani?"

"Anatafuta mtandao."

"Mapipa ndiyo yana mtandao?"

Fundi Viti alifunga bomba la maji, akasogea dirishani kama mtu anayekagua nyanya, na kweli sauti ya mumewe ilitoka kule kwenye mapipa, ya upole kupita kiasi. "Hapana, mshike mkono. Usimwache apande peke yake, ataanguka tena. Mwambie nikija namletea peremende."

Akaganda na nyanya mkononi. Mshike mkono. Ataanguka. Peremende.

"Unataka kuikamua hiyo, au?" aliuliza binti.

Kesho yake, akitoa vitu mifukoni kabla ya kufua, akaupata uzi. Ulikuwa katika mfuko wa shati la kazini la mumewe, shati jeupe la fundi miwani lenye harufu ya dawa ya kusafishia vioo. Kilichomuudhi kwanza ni kwamba ulikuwa uzi wake mwenyewe, ule mnene wenye nta wa kushonea viti, umekatwa bila ruhusa. Kilichomuudhi zaidi ni fundo. Mtu hafungi fundo kwenye uzi mtupu isipokuwa amepima kitu na hataki kusahau. Aliunyoosha juu ya tepu. Kutoka ncha mpaka fundo: sentimita thelathini na tatu.

Aliuchukua mpaka karakana ya jirani, kwa seremala. Mzee huyo alikuwa ametengeneza madawati ya shule maisha yake yote na alikuwa na jibu kwa kila kitu, hasa ambacho hakuulizwa.

"Wewe mzee wa madawati, hiki ni kipimo cha nini?"

Seremala aliushika uzi, akausimamisha kutoka sakafuni, akaulaza kwenye mguu wa dawati moja, kisha la pili. La tatu likalingana sawasawa na fundo.

"Goti," alisema kwa fahari. "Kutoka chini hadi nyuma ya goti. Ukitaka mtu akae asining'inie, hapa ndipo unapoanzia. Dawati la darasa la tatu hili, bibie."

"Darasa la tatu."

"Miaka minane. Tisa, kama anapenda kulia lia na hali vizuri. Nimepima magoti mengi kuliko daktari wa mifupa, usibishane na mimi. Nani anatengenezewa kiti?"

"Hata mimi nauliza."

Seremala alimtazama usoni, akashusha penseli kutoka sikioni kama mtu anayevua kofia msibani. "Nimesema nini tena?"

"Umesema miaka minane."

Alirudi kwenye cherehani yake na kushona mshono mmoja mara tatu. Karibu miaka tisa iliyopita mumewe alikwenda mafunzo ya kusaga lenzi, miezi mitatu, mji wa mbali. Alirudi na cheti, na alirudi amenenepa. Wakati ule Fundi Viti alifurahi. Sasa ndipo machale yalipomcheza: mwanamume anayejipikia mwenyewe hanenepi.

Mtoto mmoja, mama mmoja. Viti viwili. Hesabu ilikubali vizuri mno, na hilo ndilo lililomuuma. Mumewe hakuwa mlevi, hakuwa mkali, alimenya vitunguu bila kuombwa. Lakini hata baba yake alikuwa akimenya vitunguu. Siku mbili zile alimpikia, akamtania, akamcheka alipojaribu shati jipya likakataa kufungwa, na kila alipomtazama aliona kiatu cha kushoto.

Jumamosi alifika yadi saa tatu, saa nzima kabla ya miadi. Uzi ulikuwa mfukoni mwake, na kauli yake ilikuwa tayari: akipata ushahidi, gari halinunuliwi, na mumewe atakwenda kuongea na mapipa ya taka moja kwa moja, na blanketi lake.

"Mama! Mapema hivi?" Asali alikuja mbio akifuta kioo kilichokuwa kisafi. "Nimpashe moto Mdogo?"

"Nipe funguo za Mkubwa."

"Ahaa! Mzee amekushawishi. Nilijua tu, tangu Jumatatu walipokuja nikasema hawa hawachomoki."

Fundi Viti aliendelea kutabasamu, kwa sababu katika maisha alishajifunza kwamba mtu anayetabasamu huambiwa zaidi. "Walipokuja."

"Alipokuja," alisema Asali. "Mzee. Alipokuja mzee."

"Peke yake."

"Peke yake kabisa, mama, yeye na... yeye na mawazo yake."

"Na mawazo yake yalikaa kiti kipi?"

Asali alitazama ofisi yake, akatazama lango, akatazama mbingu. "Mama, mimi nauza magari. Nyumba za watu sizijui. Funguo hizi hapa, mimi naenda kuona kama chai imechemka."

Akabaki peke yake na Mkubwa. Alifungua mlango wa nyuma, akachuchumaa, akatoa uzi na kuusimamisha kutoka chini. Fundo likagusa kile kibao cha kukanyagia, barabara, kama kilipimwa kwa ajili yake. Akahamia kwa Mdogo. Kule hapakuwa na kibao, na sakafu ya gari ilikuwa juu ya fundo kwa shibiri nzima.

Kwa hiyo goti la mtoto linakanyagia? Hilo halikukaa sawa kichwani, lakini hakuwa na subira ya kulisikiliza. Alirudi kwa Mkubwa, akapanda, akainamisha kichwa mpaka jicho likalingana na kiti, akitazama dhidi ya mwanga. Gari lilikuwa limesafishwa, lakini sponji ya zamani haisahau haraka. Upande wa kulia alikaa mtu wa wastani, ametulia katikati. Upande wa kushoto kiti kilikuwa kimebonyea pembeni tu, kwenye ukingo wa mlango, kama mtu aliyeogopa kuingia ndani. Na bonyeo hilo halikuwa la mtoto.

Akatia mkono kwenye ufa.

Vidole viliteleza mpaka mwisho, vikapita punje za mchanga, vikagusa kitu chepesi kilichokwaruza. Alikitoa taratibu. Karatasi ya peremende. Ndiyo, moyo ulisema, mtoto, si nilisema? Kisha akafungua kiganja vizuri.

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nyingi, ikaminywa katikati, ikazungushwa mara mbili, mabawa mawili yakabaki wazi kila upande. Tai. Tai ndogo ya shingoni, mfano wa kipepeo, ya kumvalisha mwanasesere.

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemjua ambaye hakuweza kula peremende bila kuikunja karatasi yake hivyo. Alikuwa akizipanga juu ya dashibodi, na msichana wa miaka saba, wa minane, wa tisa, aliyekaa kiti cha mbele miguu ikining'inia, alikuwa akizihesabu njia nzima.

Aliketi pale pale ukingoni, kwenye lile bonyeo. Makalio yake yaliingia humo yakatosha.

Mumewe alifika saa nne kasoro, akitembea haraka na shati lake jipya lisilofungika. Alimwona mkewe ndani ya Mkubwa akapunguza mwendo. Alipouona uzi kwenye goti lake akasimama. Alipoiona tai kiganjani mwake akavua miwani, akaanza kuifuta, na hiyo ndiyo ishara kwamba fundi miwani hana pa kujificha.

"Anza na uzi," alisema mkewe.

"Ni mguu wake," alisema mumewe. "Hapo ndipo anapoweza kuunyanyua. Nilimwambia asimame ukutani, anyanyue mguu mpaka anapoweza, nikapima. Zaidi ya fundo haufiki."

Fundi Viti aliutazama uzi. Watu wawili wazima, fundi wa viti na fundi wa madawati, walikuwa wamekaa na kipimo hicho wakaona goti la mtoto, kwa sababu magoti ndiyo wanayoyajua.

"Alikuja dukani miezi mitatu iliyopita," mumewe aliendelea. "Akaniuliza kama mimi ndiye niliyemwoa binti yake. Nikamweka mbele ya ubao wa herufi. Alisoma ukuta. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kliniki ni mji wa pili, kila wiki, kabla na baada ya upasuaji. Wanampeleka kwa pikipiki, na wiki iliyopita ameanguka mara ya pili. Huyo anayempeleka ni..."

"Mwenye kiatu."

"Mwenye kiatu. Hana gari, na ana adabu kuliko wewe."

"Usinichekeshe. Sijakuruhusu. Miaka thelathini alikuwa na macho mazima na hakuja kuniona. Sasa yanazimika ndiyo ananitafuta?"

"Nilimwuliza hivyohivyo."

"Akasemaje?"

"Alisema alikuwa anaona aibu. Sasa haoni vizuri, hata aibu imepungua."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na alimchukia baba yake kwa kuijua njia ya kukitoa. Kule ofisini Asali alichungulia na kikombe mkononi, akaona hali, akarudi ndani.

"Na wewe," alisema hatimaye. "Ulitaka tununue kwanza, mimi nijue baadaye. Nijikute namwendesha."

"Niliogopa ungekataa."

"Hiyo ni haki yangu, kukataa. Umenifichia mtu kwenye kiti cha nyuma, Baba Watoto. Unajua nani mwingine aliwahi kunifanyia hivyo?"

Miwani ya mumewe ilikuwa imeshang'aa, akaendelea kuifuta.

"Siku mbili nimelala pembeni yako nakuhesabia mtoto wa miaka minane," alisema mkewe. "Nimemtafutia mpaka mama. Nimemweka mpaka darasa la tatu."

"Mtoto? Mimi?" Alijitazama tumboni. "Nani angenitaka?"

"Hilo ndilo lililonisumbua zaidi."

Hakusema amesamehe, na mumewe hakuwa mjinga wa kuuliza. Fundi Viti alishuka garini. Akapita nyuma ya Mdogo, akafungua lile buti pana kama chumba cha kulala, akalitazama kama mtu anayeagana na shemeji. Akalifunga. Akarudi kwa Mkubwa, akatoa tepu kiunoni, akapima viti vya mstari wa mwisho, akatikisa mguu wa kimoja.

"Hiki cha kushoto kimefungwa kwa bolti nne," alisema. "Nakitoa leo hii. Kinakaa karakana kwangu. Hapo yatalala marobota mawili, mengine juu ya paa. Asali!"

Asali alitokea kana kwamba alikuwa nyuma ya tairi.

"Tunamchukua Mkubwa. Na usiniambie ulijua."

"Mimi sikujua kitu, mama. Hata chai sijui kama imechemka."

Aligeuka kwa mumewe na kunyanyua kidole. "Sikiliza. Naendesha mimi. Yeye anakaa nyuma ya abiria wa mbele, si nyuma yangu, nimwone kwenye kioo. Asiniite mwanangu mpaka nimwambie. Mwenye kiatu akae upande wa pili, nikimzoea nitamsalimia. Na karatasi za peremende ziwekwe kwenye dashibodi. Nikikuta moja kwenye ufa, wote mnashuka."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, Fundi."

Akapanda kiti cha dereva. Alikisogeza mbele, akarekebisha kioo cha kati mpaka kikaonyesha ule ukingo wa kushoto wenye bonyeo, akakiacha hapo. Tai ya karatasi aliiweka juu ya dashibodi, akaitazama, akaisogeza kidogo katikati. Mumewe alipanda upande wa pili na kufunga mkanda kwa uangalifu wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Fundi Viti aliwasha gari, kisha akalizima.

"Sisi wanne," alisema. "Yeye, na yule. Sita." Alimgeukia mumewe taratibu. "Nikiking'oa kile cha kushoto hata nafasi haibaki. Lakini wewe ulipochagua saba hukujua kama nitaking'oa. Huyo wa saba alikuwa nani?"

"Marobota yako! Mke wangu, wallahi, marobota!"

"Tutaona," alisema, na kabla ya kuwasha tena, akatia mkono kwenye ufa wa kiti chake, akachokoa mpaka mwisho.